Maswali yenu: Hilo taji la futiboli ya vyuo Marekani anatoa nani?

Swali: Mhariri habari za kazi. Mdogo wangu anasoma chuo cha Alabama na kila nikimpigia simu lazima anitambie kwamba wao wamechukua ubingwa wa taifa wa futiboli (ile yao ya mpira wa yai, si soka) mara 18. Nikaingia intaneti kuhakikisha, nikakuta kila sehemu hesabu yake, na wengine wanasema NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, haijawahi kumtangaza bingwa yeyote. Inakuwaje mashindano makubwa vile hayana orodha moja ya mabingwa?
Msomaji, Morogoro

Jibu: Ndugu yangu, mdogo wako hajakudanganya, chuo chenyewe ndo kinahesabu 18, na wewe pia uko sahihi. NCAA inatoa ubingwa kwenye kikapu, riadha, kuogelea na hata futiboli ya madaraja ya chini, ila daraja la juu kabisa la futiboli, lile lenye pesa na watu laki moja uwanjani, haijawahi kulitolea taji hata siku moja.

Huku kwetu Simba na Yanga wakibishana unafungua msimamo wa ligi unahesabu pointi, kesi imeisha. Kule timu za daraja la juu ni zaidi ya 100, msimu ni mechi kumi na kitu tu, kila ukanda, yaani kundi la vyuo vyenye ligi yao, unacheza zaidi wenyewe kwa wenyewe, kwahiyo timu mbili bora ziliweza kumaliza mwaka hazijaonana kabisa. Mechi ya kuamua haikuwepo, basi watu wakaamua kwa kura. Shirika la habari la AP likaanza kura ya waandishi 1936, makocha nao wakaanza ya kwao 1950, na kabla ya hapo kulikuwa na watu wa hesabu kama Profesa Frank Dickinson, mwalimu wa uchumi pale Illinois, kila mmoja na fomula yake na kila mmoja na bingwa wake. Kitabu cha rekodi cha NCAA kimewaorodhesha hao wote bila kusema yupi ni wa kweli. Mlango umebaki wazi hapo, na vyuo vinaingia vinachukua kile vinachokitaka.

Chukua mwaka 1941. Alabama walifungwa mechi mbili, na Mississippi State na Vanderbilt, ubingwa wa ukanda wao wakachukua hao hao Mississippi State, na kwenye kura ya AP Alabama walikuwa wa 20. Wa ishirini! Minnesota walishinda mechi zote 8 na ndo walipewa namba moja. Ila kuna fomula moja ya bwana Houlgate iliyowaweka Alabama juu, na miaka ya 1980 ofisi ya habari za michezo ya chuo ilipokuwa inapanga upya historia ikalichukua lile taji, ikaliunganisha na ya 1925, 1926, 1930 na 1934. Mimi nasema wazi, hilo la 1941 walirudishe, wale vijana wa Minnesota walicheza kwa jasho lao na hakuna aliyewafunga.

Alafu cha kushangaza, mwaka ambao Alabama wana hoja ya maana hawauhesabu kabisa. 1966 walishinda mechi zote 11 na kuwatandika Nebraska 34-7 kwenye Sugar Bowl, mechi ya mwaliko ya mwisho wa msimu, lakini kura zikawaweka wa tatu nyuma ya Notre Dame na Michigan State ambao walitoka sare ya 10-10 wenyewe kwa wenyewe, na kocha Ara Parseghian wa Notre Dame dakika ya mwisho aliamua kumaliza muda badala ya kutafuta ushindi. Wengi wanaamini kilichowaponza Alabama ni kwamba timu yao ilikuwa bado haina mchezaji mweusi hata mmoja, wakati Michigan State walijaa nyota weusi ambao vyuo vya kusini viliwakataa. Kwangu hiyo ni sababu nzito na siwezi kuipuuza, ila uwanjani Alabama wa 1966 ni timu bora mara kumi ya wale wa 1941.

Na si Alabama peke yao. Princeton wanahesabu mataji 28 na la kwanza ni la 1869, mwaka ambao mechi zilikuwa mbili tu, Rutgers wakashinda ya kwanza 6-4, Princeton wakashinda ya pili 8-0, basi msimu ukaisha. Mataji mengi ya zamani ya namna hii yalipangwa na mtafiti Parke H. Davis aliyekaa miaka ya 1930 akarudi nyuma mwaka kwa mwaka, na huyo Davis mwenyewe aliwahi kuichezea Princeton.

Swali: Mimi nipo Houston, wazee wa hapa kazini wanasema kuna timu ilipoteza mechi ya mwisho na bado ikabaki bingwa. Ni kweli au stori za vijiweni?
Msomaji wa Houston

Jibu: Ni kweli tupu kaka, na imetokea zaidi ya mara moja. Tatizo ni kwamba zamani kura zilikuwa zinapigwa msimu wa kawaida ukiisha, kabla ya zile mechi za mwaliko za mwaka mpya kama Orange Bowl na Rose Bowl, kwa sababu zile zilichukuliwa kama zawadi tu.

Sasa 1964 Alabama wakamaliza na ushindi 10 bila kufungwa, waandishi na makocha wote wakawapa taji. Wakaenda Miami tarehe 1 Januari 1965 kucheza na Texas. Texas wanaongoza 21-17, muda unayoyoma, Alabama wako mlangoni kabisa, jaribio la nne la kusogeza mpira, ambalo ndo la mwisho, haijafika hata yadi moja kuvuka mstari. Joe Namath, kiongozi wa mashambulizi wa Alabama, goti bovu, anaushika mpira mwenyewe na kujichomeka katikati ya rundo la watu. Marefa wanafukua lile rundo mtu mmoja mmoja, wanasema hajafika. Namath mpaka uzeeni anasema alivuka. Mechi ikaisha vile vile na taji likabaki Alabama.

Na kinachouma zaidi ni Arkansas. Walishinda mechi zote 11, ikiwemo ya kuwafunga Texas hao hao 14-13 nyumbani kwao Austin. Chama cha waandishi wa futiboli, ambacho kilisubiri mpaka mechi za mwaka mpya zipite, kikawapa Arkansas, na mimi bingwa wangu wa 1964 ni huyo. AP nao wakajifunza, mwaka uliofuata wakasubiri, na kumbe waliofaidika ni Alabama hao hao, walikuwa wa nne, waliokuwa juu yao wakaanguka na wao wakachukua! Makocha walichelewa mpaka 1974 kubadilisha, baada ya kuwapa Alabama taji la 1973 ambao wakaenda kufungwa na Notre Dame 24-23.

Swali: Naomba uelezee ile mechi ya jaribio la tano, naona inatajwa sana kwenye mabishano ya Colorado.
Msomaji, Kisumu

Jibu: Ile ni tarehe 6 Oktoba 1990, Colorado ugenini kwa Missouri. Sheria inakupa majaribio manne tu. Katikati ya purukushani za sekunde za mwisho, baada ya muda wa mapumziko ulioombwa na Colorado, marefa wakasahau kubadilisha kibao cha kuhesabu majaribio. Colorado kwenye jaribio la nne wakaupiga mpira chini makusudi kusimamisha saa wakidhani ni la tatu, wakapewa la tano, wakafunga, wakashinda 33-31. Marefa walisimamishwa kazi lakini matokeo yakaachwa. Mwisho wa msimu AP wakawapa Colorado taji, makocha wakawapa Georgia Tech ambao hawakufungwa mechi yoyote, tofauti pointi moja tu, 847 kwa 846.

Nawapa Georgia Tech, bila kusita. Na sababu yangu ni Cornell wa 1940. Nao walikuwa hawajafungwa msimu ule, nao waliwafunga Dartmouth kwa jaribio la tano, wakakaa wakaangalia filamu ya mechi, wakaona kosa, wakatuma telegramu kwa Dartmouth kwamba ushindi ni wenu. Matokeo mpaka leo yanasomeka Dartmouth 3, Cornell 0. Kocha Bill McCartney wa Colorado yeye siku ile alilalamikia uwanja unaoteleza, miaka baadaye ndo akaja kusema anajuta.

Swali: UCF, chuo cha Central Florida, walijitangaza wenyewe mabingwa 2017. Hiyo si wizi?
Msomaji, Zanzibar

Jibu: Hapana dada, hapo nakupinga. UCF walishinda mechi zote 13, na kamati inayochagua timu ikakataa hata kuwaingiza kwenye timu nne za mchujo, ule wa siku hizi wa kutafuta bingwa uwanjani, kwa sababu wanatoka ukanda unaoonekana mdogo. Wakakutana na Auburn kwenye Peach Bowl wakawafunga 34-27. Na Auburn msimu ule ule alikuwa kawafunga Georgia na Alabama, yaani wote wawili waliocheza fainali! Fomula ya Colley, iliyomo kwenye kitabu cha NCAA, ikawaweka UCF namba moja, chuo kikawalipa makocha bonasi ya ubingwa na timu ikapitishwa kwa gwaride Disney World. Tofauti na Alabama wa 1941, hawa walidai haki yao wakati jezi bado zina jasho, na wachezaji wenyewe wapo. Alabama walishinda fainali 26-23 kwa muda wa nyongeza na taji lao siwanyang'anyi, ila kwenye orodha yangu 2017 ina majina mawili. Kuanzia msimu wa 2024 mchujo una timu 12, na bingwa mmoja wa ukanda mdogo anapata nafasi yake, kitu ambacho UCF walikiomba wakanyimwa.