Kabla hujanunua kiyoyozi, bandua simiti kwanza

Nyumba ya bibi iko Mkomani, mji wa kale hapa Lamu, ya mawe ya matumbawe, kuta nene karibu nusu mita, na nilipoachiwa niisimamie jambo la kwanza nililofanya ni ujinga. Niliona plasta ya chokaa inamomonyoka, nikaita fundi akapiga simiti chini mpaka juu, halafu kiwanda (si cha soda jamani, ule uwanja wa ndani ulio wazi) nikakifunika mabati nipate stoo. Mwaka haukuisha nyumba ikawa tanuri. Nikanunua kiyoyozi, na tokeni ya umeme nikiweka Ijumaa Jumatatu tuko gizani.

Kilichonishtua ni boriti. Nilikuwa nafunga feni chumba cha ndani, nikagusa kwa bisibisi pale boriti inapoingia ukutani, ikazama kama kwenye boflo. Nikamuita mzee mmoja fundi wa chokaa, akagonga gonga ukuta na kifundo cha kidole, kimya, mwisho akacheka: "Mwanangu, nyumba umeivisha koti la mvua, jasho litatokea wapi?"

Yani tumbawe linafyonza maji na chumvi toka ardhini, chokaa inayaacha yatoke polepole, simiti inayafungia humo humo, basi chumvi inatafuna plasta kwa nyuma na unyevu unahamia kwenye mbao. Kwa hiyo ukitaka nyumba ya baridi anza kutoa ulivyoongeza. Simiti ibanduliwe kwa patasi na mkono, mashine itakuvunjia mawe, na ukuta uachwe ukauke hata miezi kadhaa, hapa ndipo watu wengi wanakosa subira. Chokaa nayo ilowekwe mapema, wiki kadhaa, ipigwe tabaka nyembamba nyembamba huku unainyunyizia maji isikauke kwa pupa.

Mabati ya kiwanda niling'oa siku moja tu na tofauti niliisikia usiku huo huo, joto likapata pa kupandia na upepo wa kusi ukapita vyumbani. Juu ya dari nimerudisha makuti, nimeacha nafasi katikati hewa ipite. Kiyoyozi nimeuza, feni mbili zatosha, taa nimeweka za LED, na sola iko juu nyuma ya ukingo wa ukuta, ukiwa kichochoroni huioni.

Lakini kabla hujagusa hata jiwe moja pita kwa watu wa Makumbusho uwaulize, maana mji huu ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001 na si kila kitu unajifanyia tu. Mimi nilikuwa karibu nivunje zidaka (vile vishubaka vya ukutani) nitundike tivii, walahi bibi angefufuka.

Ukuta wa choo bado una simiti, pesa iliniishia hapo, na kila masika usiku nausikia ukibambuka.