Mbona Ndege Iliyoundwa Nyumbani Hurusharusha Hivi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Portland, Oregon. Mwenzangu kazini aliunda ndege aina ya RV-7 katika banda lake la gari, na mchana mmoja wa Julai akanirusha juu ya mashamba ya bonde la Willamette. Tulipepetwa kama mchele kwenye ungo. Je, ni kwa sababu haikuundwa kiwandani? Akinialika tena, nikubali?

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako hana hatia katika hili. RV-7 huuzwa na kampuni ya Van's Aircraft, iliyoko Aurora, kusini mwa mji wenu, ikiwa vipande vya alumini ambavyo mnunuzi huviunga kwa ribiti. Ikiundwa sawasawa, na uzito wake usipozidi kilo 725, imekusudiwa kuhimili mzigo wa mara 6 ya uzito huo, ilhali Cessna 172, ndege ndogo ya kiwandani, imewekewa kikomo cha mara 3.8.

Kilichowapepeta ni uzito, bawa na mwendo. RV-7 iliyojaa ina kilo 816 juu ya mabawa ya mita za mraba 11.2, yaani kilo 73 hivi kwa kila mita ya mraba, wakati Boeing 737-800, ndege kubwa ya abiria, ikijaa hubeba zaidi ya kilo 600 kwa eneo hilohilo. Hewa ya moto inayopanda kutoka shamba lililolimwa hulinyanyua kwa urahisi bawa lenye mzigo mdogo, na ndiyo maana ndege hiyo hutulia zaidi mkiwa wawili na mizigo kuliko rubani akiwa peke yake, jambo ambalo wengi hulidhania kinyume.

Cessna 172 ina mzigo mdogo zaidi kwa kila mita ya mraba, lakini huenda kilomita 220 hivi kwa saa, na RV-7 hupita 300. Nguvu ya msukumo wa upepo haitofautiani sana, kwa kuwa bawa fupi na pana halishiki upepo kwa pupa; ila kwa mwendo ule ndege huingia na kutoka katika hewa inayopanda upesi mno, hata pigo likawa kali na la ghafla, kama gari lenye springi ngumu kwenye barabara ya mashimo.

Halafu kuna mkono wa rubani. Usukani wa RV-7 ni mwepesi, na mizigo ikiwekwa nyuma ya viti huzidi kuwa mwepesi. Rubani mgeni hupambana na kila pigo, na sahihisho lake hufika upepo umekwisha kupita, kwa hiyo anaongeza mtikisiko badala ya kuupunguza. Mzoefu utamwona ameegemeza kiganja pajani, ameshika fimbo ya usukani kwa vidole viwili vitatu, anaiacha pua ipande na kushuka kidogo huku akilinda mabawa tu yasilale upande. Zaidi ya hayo hupunguza mwendo, kwani kila ndege ina kasi ambayo, ukiwa chini yake, bawa hupoteza uwezo wa kuinua kabla ya upepo kulielemea hadi livunjike. Kasi hiyo hushuka uzito unapopungua, kwa hiyo anayeruka peke yake hana budi kwenda polepole zaidi.

Kubali mwaliko, ila omba iwe asubuhi kabla ardhi haijapata moto. Kaza kwanza mkanda wa kiunoni, ndipo ukaze wa mabegani, maana kioo cha juu kiko karibu sana na kichwa; na kama u mrefu, omba mto mwembamba wa kukalia.