Kiingereza kinasomwa kwa mafungu

Ndugu mliovuka mpaka karibuni kutoka Goma, Bukavu au Uvira, na sasa mko Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali, au kwenye chumba cha kupanga huko Katwe, Kampala, mkihangaika na Kiingereza: haya ni ya mtu anayekifundisha jioni kwa watu wazima kama ninyi. Acheni kukariri neno mojamoja. Sentensi ya Kiingereza hujengwa kwa virai, yaani mafungu ya maneno, na kila fungu lina neno kuu linaloamuru mengine.

Tuchukue kitu ambacho mtakihitaji tu, barua za mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. "The letters from the chairman of our village are ready." Wengi huandika "is", kwa kuwa "village" limekaa jirani na kitenzi. Lakini msemaji wa Kiswahili hana udhuru hapa. Nani kati yenu anasema "barua za mwenyekiti wa kijiji chetu kiko tayari"? Ngeli haziruhusu. Sikio lako linajua tayari kwamba kitenzi humfuata mkuu wa fungu, hata kama ameachwa nyuma maneno sita. Kiingereza nacho hufanya hivyo hivyo, ila alama zake ni chache na ndogo, kwa hiyo ni rahisi kupitiwa.

Utajuaje fungu linaishia wapi? Libadilishe kwa neno moja: "They are ready." Chote kilichomezwa na "they" ni kirai kimoja. Ukijaribu kubadilisha "the letters" peke yake utapata "They from the chairman of our village are ready", na hapo kila mtu anakunja uso. Jaribio hili ninalitumia kuliko kanuni yoyote ya kitabuni.

Linafichua pia kosa ninalolikuta karibu kila daftari: "My brother he works in Kampala." Najua linakotoka. Tunasema "kaka yangu anafanya kazi", na ile a- ya mtenda imo ndani ya kitenzi, haitoki. Kitenzi cha Kiingereza hakina kiambishi hicho, kwa hiyo tunakiokotea "he" ili pengo lisionekane. Hakuna pengo. "My brother" ni kirai kamili, na "he" ni mbadala wake. Ukimweka mmoja, mwingine anaondoka.

Ndani ya kirai nomino, mpangilio unapinduka. Sisi tunataja kitu kwanza, sifa zikafuata: "milango yangu miwili mikubwa ya mbao". Wao huanza na mwenye mali, kisha idadi, kisha ukubwa, kisha kilichotumika kukitengeneza, na kitu chenyewe kinakuja mwisho: "my two big wooden doors". Mafungu yanayoanza na "of", "from" au "with" ndiyo hukaa nyuma ya nomino, kama kwetu. Angalieni pia "this my phone". Mtaani Kampala utaisikia na utaeleweka vizuri, lakini kwenye barua ya kuomba kazi andika "this phone of mine", au "my phone" tu.

Sasa penye utamu. "I met the officer with a file." Nani ana faili? Kiswahili kinakulazimisha useme: "afisa mwenye faili", au "nilikutana na afisa nikiwa na faili". Kiingereza kinakuacha njia panda, kwa sababu "with a file" linaweza kushikamana na "the officer" au na "met". Ukiandika maelezo ya kupeleka ofisini, usimwachie msomaji abahatishe. "I met the officer, who had a file" ni jambo moja. "I had a file with me when I met the officer" ni jingine kabisa.

Vitenzi vina foleni yao, nayo haivunjwi: "should have been sent". Kila kimoja kinaamua umbo la kinachofuata. Baada ya "should" ni "have", si "has", hata kama mtenda ni mmoja.

Kwa mazoezi, tafuteni karatasi za zamani za PLE, mtihani wa kumaliza darasa la saba. Msione haya kwamba ni za watoto; maswali yake ya kuandika upya sentensi ni shule tosha. Kabla hujajibu, chora mstari chini ya kila kirai. Ukipewa "The headteacher praised the boys from Primary Six" na ukaambiwa uanze na "The boys", mstari utakuonyesha kwamba "from Primary Six" lazima lihame pamoja nao: "The boys from Primary Six were praised by the headteacher." Anayehamisha "the boys" peke yao atajikuta na mwalimu mkuu wa darasa la sita.