Ukienda Efteling peke yako mwezi wa Januari

"Dada, unaenda na nani?" Mdogo wangu aliniuliza kwa simu kutoka Morogoro, usiku wa kuamkia safari. Nilipomjibu naenda peke yangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza taratibu, kama mtu anayehofia nimepatwa na jambo: "Peke yako? Kwenye mabembea?"

Namwelewa. Kwetu mahali pa michezo ni pa Idi na Krismasi, mnakwenda na watoto, na binamu, na sufuria la pilau nyuma ya gari. Mtu mzima kupanda bembea peke yake Jumanne ya kazi ni jambo la kuulizwa. Lakini nilikuwa Uholanzi kwa masomo, wenzangu wamebanwa na mitihani, na tangu nifike kila Mholanzi niliyemuuliza alikokwenda utotoni alinitajia jina moja, Efteling, bustani kubwa ya michezo na hadithi. Nikaamua sitasubiri mtu. Na kwa kuwa wengi mnaosoma hapa mko ugenini kwa masomo au kazi na mna siku za mapumziko zinazopotelea chumbani, nawaandikia jinsi siku ile ilivyokwenda, pamoja na kosa nililolifanya kabla ya adhuhuri.

Efteling iko Kaatsheuvel, kusini mwa Uholanzi. Treni haifiki huko. Unashuka Tilburg au 's-Hertogenbosch, kisha unapanda basi. Ilifunguliwa mwaka 1952, ikianza na msitu wa hadithi kumi za kale uliochorwa na msanii Anton Pieck, na mitambo yake ya kwanza ikabuniwa na Peter Reijnders. Rola kosta, vile vigari vya kasi vinavyopanda na kuporomoka kwenye reli, zilikuja baadaye sana, ya kwanza kubwa ikiwa Python mwaka 1981. Lishike hilo: hadithi zilitangulia, mbio zikafuata.

Kuchagua siku ni nusu ya kazi. Wengi hudhani Januari yote ni tupu, na si kweli. Likizo za shule Uholanzi hupangwa kwa kanda tatu, kaskazini, kati na kusini, nazo tarehe zake si zote zinazofanana. Wabelgiji na Wajerumani nao wako jirani, wana likizo zao. Angalia kalenda zote hizo kabla ya kulipa. Jumatano ikwepe, kwa sababu shule nyingi za Uholanzi na Ubelgiji hutoa watoto mapema siku hiyo, na mchana utawaona wakimiminika. Jumanne na Alhamisi ndizo siku zenyewe. Tiketi nunua kwenye intaneti ukitaja tarehe, na bei hutofautiana kwa siku, kwa hiyo hata mfuko wako utakushukuru. Halafu, na hili usilipuuze, soma orodha ya michezo iliyofungwa. Majira ya baridi ndiyo wakati wao wa matengenezo. Kama kuna mchezo mmoja unaokutoa nyumbani, hakikisha unafanya kazi siku hiyo.

Nguo je? Vaa kama mtu atakayesimama nje kwa muda wa saa sita, maana ndivyo itakavyokuwa. Siku yangu ilikuwa nyuzi 3. Nilivaa soksi mbili, glavu, na skafu ya kufunika mdomo na pua. Ukiwa peke yako hakuna wa kukushikia mkoba, basi beba kidogo, au kodi kabati mlangoni. Simu ichaji ijae, na beba betri ya akiba. Baridi hunyonya chaji, na tiketi, ramani, muda wa foleni na basi la kurudi vyote vimo ndani ya simu hiyo moja.

Sasa kosa langu.

Geti lilipofunguliwa nilikimbia. Nilikuwa nimesoma kwamba michezo mikubwa ina foleni ya watu wa peke yao, ambao huingizwa kujaza viti vinavyobaki kati ya makundi. Ni kweli kabisa, na kwa msafiri pekee ni neema. Nilianza na Joris en de Draak, rola kosta ya mbao ya mwaka 2010, ambapo treni mbili, ya Maji na ya Moto, hushindana njia nzima. Nilipanda ya Moto tukashindwa, nikarudi nikapanda ya Maji tukashinda, na mama mmoja nisiyemjua akanigongea kiganja kwa furaha kana kwamba tumetoka timu moja. Kutoka hapo mbio hadi Baron 1898.

Hii inahitaji maneno machache. Ilifunguliwa mwaka 2015, na hadithi yake ni ya tajiri mmoja aliyechimba dhahabu mahali ambapo mizimu ya kike ilimkataza. Miguu yako inaning'inia, hakuna sakafu. Kigari kinapanda polepole, kinafika ukingoni, kinasimama. Sekunde hizo chache unatazama chini moja kwa moja, shimo jeusi lenye moshi, na kwa sababu ni Januari unaona pia miti isiyo na jani hata moja hadi upeo wa macho. Nilisikia pumzi ya jirani yangu ikikatika. Kisha mita 37.5 kwenda chini, kilomita 90 kwa saa, na upepo wa baridi unakukwangua mashavu kama msasa. Nilitoka machozi yakitiririka, nikazunguka, nikaingia tena. Na tena.

Kufikia saa saba mchana nilikuwa nimepanda mara saba bila kukaa chini. Tumbo lilikuwa linachafuka, vidole vya miguu sivihisi, na kichwani nikawa na wazo moja tu, kwamba nimemaliza, nirudi nyumbani. Saa mbili na nusu tu tangu niingie!

Nilikuja kuelewa nikiwa nimekaa. Foleni, ile tunayoikimbia, ndiyo pumziko la mwili. Siku ya watu wengi unasimama nusu saa, damu inatulia, unaongea, unakula karanga, ndipo unarushwa tena. Ukiondoa foleni, inabaki misukosuko mitupu. Na ukiwa peke yako hakuna mtoto wa kukwambia anataka chooni, hakuna rafiki wa kusema tukae. Itabidi uwe wewe mwenyewe wa kujisimamisha. Ushauri wangu: kila baada ya mchezo mmoja mkali, ingia mmoja wa ndani, wenye joto, wa taratibu. Droomvlucht ya mwaka 1993 unakaa kwenye kigari kinachoning'inia na kupita juu ya misitu ya viumbe wadogo wa hadithi wenye mabawa. Fata Morgana ya mwaka 1986 unapanda mashua ukapita sokoni na kwenye majumba ya kifalme ya Uarabuni. Symbolica nayo ni jumba la mfalme, unazungushwa vyumbani bila kutikiswa. Hiyo ni mapumziko, usiihesabu kuwa michezo ya watoto.

Chakula ndipo upweke ulipo, nisikufiche. Asubuhi huuoni kwa kuwa unapiga kelele na wenzako kwenye viti. Ukishika sinia na kutafuta meza, unauona. Vibanda vingi navyo hufungwa msimu huo, kwa hiyo watu hujazana kwenye migahawa michache iliyobaki. Nenda ukale kabla ya saa sita. Mimi nilichelewa, nikanunua supu nzito ya njegere, erwtensoep, nikatoka nayo nje kwenye moto wa kuni. Majira hayo huwasha mioto sehemu mbalimbali ili watu waote. Mzee mmoja aliyekuwa na mjukuu wake alisogea bila kusema kitu, akapiga kiganja kwenye gogo mara mbili. Nikakaa. Hatukuongea sana, Kiholanzi changu ni cha kuombea njia. Lakini kuota moto na mtu mzima aliyekupisha nafasi ni jambo ninalolijua tangu jikoni kwa bibi, na ile hamu ya kurudi nyumbani ikaniisha palepale.

Kwa Mwafrika kuna jambo jingine la kusema. Huenda ukawa mtu mweusi peke yako kwenye foleni nzima. Mimi nilitazamwa, sikusumbuliwa. Lakini ukifika penye Sirocco, mchezo wa vyombo vinavyozunguka, ujue kwamba tangu mwaka 1988 palikuwa na mchezo wenye kikaragosi cha Mwafrika mla watu, na abiria wakikaa ndani ya vyungu vyake. Ulilalamikiwa miaka mingi. Mwaka 2021 uliondolewa, na mwaka uliofuata mahali hapo akawekwa Sindbad baharia. Nilisimama pale nikafurahi kwa dhati, nikasikitika pia kwamba ilichukua zaidi ya miaka thelathini. Sindbad huyu ni wetu sisi watu wa bahari ya Hindi. Jirani yake kuna Vogel Rok, rola kosta ya gizani ya yule ndege mkubwa wa hadithi zake, ambaye msafiri wa kale Marco Polo alidai anapatikana pande za Madagaska. Kuona kipande cha bahari yetu katikati ya matope ya Uholanzi kulinipa joto kuliko ile supu.

Msitu wa hadithi nimeuweka mwisho, na ningekuomba ufanye hivyo hivyo. Usiingie asubuhi. Ingia saa kumi na moja kasoro, jua likizama, taa zinapowashwa kati ya miti na familia zenye watoto wadogo zimeanza kuondoka. Pana ukimya ambao wageni wa kiangazi hawawezi kuupata. Langnek, jitu lenye shingo ndefu, anainua kichwa polepole na unasikia mtambo wake ukilalamika. Viatu vyekundu vinacheza bila mtu. Uyoga unatoa muziki. Sikuhitaji lugha. Ukiwa umekulia kwenye "Paukwa!" "Pakawa!", unajua kusimama mbele ya hadithi na kusubiri.

Na kuna Holle Bolle Gijs, mnene mwenye kinywa wazi, ambaye kwa kweli ni pipa la taka. "Papier hier!" anaita, karatasi hapa, na ukimlisha anavuta kwa pumzi kubwa na kushukuru. Nilimkuta yule mjukuu wa pale motoni, amemaliza karatasi zote za babu yake. Akanitazama mikono. Nilikuwa na risiti ya supu. Nilimpa, akaipasua vipande viwili kwa uangalifu mkubwa, kimoja akanirudishia, na tukalisha kwa zamu, yeye kwanza.

Basi la kurudi litazame mapema, kwa kuwa msimu huo hufunga mapema na kukosa basi gizani kwenye baridi ile si jambo la kujaribu. Kituoni nilimpigia mdogo wangu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Umecheza na nani?" Nikamtumia sauti ya Gijs niliyoirekodi. Sasa mwanawe wa miaka minne kila akitupa ganda la ndizi pale jikoni Morogoro, huinamia ndoo na kuiambia, "Papier hier."