Changarawe, mchanga au kioo kitupu? Maswali ya wafugaji wa aksoloti, amfibia anayeishi majini

Aksoloti wangu ana sentimita 20 na amekaa juu ya changarawe za rangi tangu nimnunue. Mzima kabisa. Kuna haja gani ya kuzitoa?

Zitoe. Aksoloti hatafuni: hufumbua kinywa ghafla, akafyonza maji pamoja na chochote kilicho mbele yake. Mnyoo ukitua kati ya changarawe, nazo zinaingia. Nyingine atazitema, nyingine zitatoka na choo, lakini ikikwama moja tumboni inatosha kumuua. Jiwe lolote linaloenea kinywani mwake halifai kuwemo.

Nabadilishaje bila kuharibu maji?

Hapa ndipo wengi huponzwa na haraka. Mtoe mnyama kwanza, tena bila wavu, maana matamvua yake hunasa. Zamisha bakuli, aingie mwenyewe. Mweke kwenye beseni lenye maji ya tangi lake, funika, weka pasipo jua. Changarawe zikichokolewa, uchafu uliolala chini hupanda wote, na ukisikia harufu ya mayai viza utashukuru kwamba hayumo.

Chujio usiliguse. Bakteria wanaovunja amonia (sumu itokanayo na kinyesi chake) wengi wanaishi humo, wengine wanaondoka na changarawe unazotupa. Liache likizunguka kwenye ndoo ya maji ya tangi, na usilioshe wiki hiyo. Maji mapya yatolewe klorini kwanza.

Chagua mchanga laini, chembe zisizofika milimita 1. Uoshe, umwage, uoshe tena mpaka maji yatoke maangavu (mkono utachoka). Sentimita 2 zinatosha. Ukizidisha, uchafu unaozea chini. Unapojaza, weka sahani juu ya mchanga na umimine maji juu yake, usitifuke. Kisha pima amonia na nitraiti (sumu nyingine, inayotokana na amonia) kila siku kwa wiki mbili hivi. Zote ziwe sifuri. Zikipanda, badilisha sehemu ya maji siku hiyohiyo.

Niko Mombasa. Nichote mchanga wa ufukweni?

Hapana. Una chumvi, na vipande vya makombe na matumbawe vyenye ncha. Lakini mchanga si tatizo lako la kwanza. Aksoloti ni wa Xochimilco, Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Anataka maji ya nyuzi 16 hadi 18. Yakivuka 24 anaumia. Kwa joto la Mombasa, bila mashine ya kupoza maji, usimfuge.

Mtoto wa sentimita 6 je?

Kioo kitupu, yaani tangi lisilo na kitu chini, hadi afikishe sentimita 15. Kusafisha nako ni rahisi zaidi.

Wangu ameacha kula, anaelea, na changarawe zimepungua.

Usimbonyeze tumbo wala usimpe dawa ya kuharisha. Mpeleke leo kwa daktari wa mifugo mwenye eksirei. Jiwe huonekana wazi kwenye picha. Zilizobaki zitoe kabla hajarudi.