Kila Januari anaandika malengo ukutani, kufika Machi ameyasahau

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza chakula karibu na stendi hapa Morogoro. Baba yao ni dereva wa lori la Tunduma, hivyo huwa nyumbani siku chache kwa mwezi. Mwanangu wa kiume ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Kila Januari hubandika ukutani karatasi ya malengo: 'divisheni wani', 'kuwa injinia', 'kuwa tajiri'. Kufika Machi haitazami tena, na mtihani wa Juni amepata 22 katika Hisabati. Jumamosi huosha bodaboda na kupata shilingi 5,000 au 6,000, lakini haweki hata senti. Anataka simu ya 180,000, huku fedha zote zinaishia kwenye chipsi, na wiki iliyopita nimekuta ujumbe wa kubeti kwenye simu yangu. Zamani alikuwa na kibubu, ila mwaka jana kodi ya nyumba ilinibana nikakivunja, nikachukua 47,000 zilizokuwamo, na sijajaliwa kuzirudisha. Baba yake anasema mtoto hapangi, anapangiwa. Nimfundisheje kuweka malengo ya masomo na ya fedha yanayodumu? Mdogo wake wa kike, miaka 14, hana lengo lolote. – Mama Wawili, Morogoro."

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama mahali pale pale, kwenye sentensi uliyoipitisha haraka katikati ya orodha ya makosa ya kijana wako: habari ya kibubu. Hukuniuliza juu yake, lakini nitaanzia hapo, kwa sababu naona mengi uliyoniuliza yanatokea humo.

Kwako wewe, shilingi 47,000 zilikuwa kipande cha kodi. Kwake, tukichukulia kwamba aliweka 3,000 kila wiki, zilikuwa karibu Jumamosi 16 za kuinama juu ya matope ya pikipiki za watu. Mtoto aliyekusanya kwa karibu miezi minne, kisha akarudi nyumbani akakuta kibubu kimevunjwa na ahadi isiyo na tarehe, amejifunza kwamba fedha asiyoila leo italiwa na mwingine kesho, na tangu hapo anaishi kwa kulifuata somo hilo. Hata kubeti, nadhani, kumeingilia mlango huo huo, maana kijana akiona njia ya polepole imekatwa, mkeka wa shilingi 500 unaoahidi laki moja humjia kana kwamba ndiyo njia iliyobaki. Sikulaumu kwa kuichukua fedha ile. Mwenye nyumba akigonga mlango hasikilizi habari za vibubu. Ninachokulaumu, kwa upendo, ni kwamba umeifanya deni lisilotajwa.

Kwa hiyo lengo la kwanza katika nyumba yenu liwe lako. Chagua jioni ambayo hamna haraka, mwite, mtajie kiasi kwa tarakimu, kisha mwombe radhi bila kuongeza kwamba wewe ndiye unayemlisha. Baada ya hapo fungueni daftari mbele yenu wote wawili na kuandika kwamba utamlipa 4,000 kila Ijumaa, hivyo kwamba malipo 11 yatafikisha 44,000 na Ijumaa ya 12 utamalizia 3,000. Kama 4,000 ni nyingi kwa biashara yako, andika 2,000 na wiki 24, ila usiandike kiasi cha kujionyesha ambacho kitakushinda wiki ya tatu. Na Ijumaa ambayo mauzo yamelala, mwambie mapema, kabla hajakuuliza, na muandike pamoja tarehe mpya. Humo daftarini ataona kiasi, siku, jina la mtendaji na utaratibu wa kufuata mambo yakiharibika, na karatasi yake ya ukutani, ukiitazama vizuri, haina hata kimoja kati ya hivyo.

Malipo mawili matatu yakishapita, ndipo uzungumzie simu. Usimwambie kwamba simu ni upuuzi, kwa kuwa kwake hilo ndilo lengo pekee analolitaka kwa moyo wake, na ni rahisi zaidi kumfundisha kwa kitu anachokitaka kuliko kwa kitu unachokitaka wewe. Mpe kalamu afanye hesabu mwenyewe. Simu ya 180,000, kwa kuweka 3,000 kila Jumamosi, ni wiki 60, yaani zaidi ya mwaka. Ukitoa 47,000 unazomrudishia, zinabaki 133,000, ambazo ni wiki 45. Akiridhika na simu iliyotumika ya 90,000, zitabaki 43,000, na wiki 15 zinatosha. Mwache achague, hata akichagua tofauti na vile ungependa, na fedha inayobaki baada ya zile 3,000 ni yake ya chipsi bila maswali. (Mimi nililelewa na mama aliyefunga fedha kwenye pindo la kanga, na hadi leo najua uzito wa fundo lile kuliko ninavyojua salio langu la benki.)

Kuhusu mahali pa kuziweka, kibubu kingine sikishauri, kwa kuwa sote tunajua kinavunjika. Wala usiziweke kwenye laini yako ya simu, kwa sababu zitachanganyika na fedha ya mchele na mkaa na mwezi hautaisha kabla hujaziazima tena. Benki zetu nyingi zina akaunti za watoto na vijana ambazo mzazi huzisimamia hadi mtoto atimize miaka 18. Nenda naye, mchukue cheti chake cha kuzaliwa, na mwache aulize mwenyewe makato ni kiasi gani. Laini yako, kwa upande mwingine, ibadilishie namba ya siri leo hii. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, na hilo mwambie wazi. Lakini badala ya kumfokea, mtake aandike katika daftari lile lile kiasi alichokwisha kutia na kiasi kilichomrudia. Safu hizo mbili zikikaa jirani na safu yako ya Ijumaa, hutahitaji kuhubiri.

Sasa masomo. Daraja la Kwanza ni jumla ya pointi 7 hadi 17 katika masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, ambapo A huhesabiwa pointi 1 na F pointi 5. Ni tamanio zuri, ila hakuna anayeweza kuamka Jumatatu asubuhi akafanya Daraja la Kwanza, na ndiyo maana kufika Machi karatasi inabaki ukutani kama pambo. Tazama alama yake ya 22. Hiyo ni F. D huanzia 30, na C huanzia 45. Kutoka 22 hadi 30 ni alama nane, na katika karatasi za Hisabati za kidato cha nne za miaka ya karibuni, sehemu ya kwanza imekuwa na maswali 10 ya alama sita kila moja, hivyo anachokikosa ni kama swali moja na theluthi. Hilo ndilo lengo la mtihani wake wa mwisho wa mwaka: 30. La 45 litafuata mwakani, kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Apeleke karatasi ya Juni kwa mwalimu wake, aulize ni maswali gani aliyakaribia akakosea njiani, achague mada mbili tu, kisha afanye maswali manne jioni tatu za wiki, saa ambayo wewe umeshafunga biashara na taa ipo. Ukutani sasa abandike hizo jioni tatu, akitia alama kila anapomaliza.

Ajue pia uinjinia unaanzia wapi. Akienda kidato cha tano kwa tahasusi ya PCM, anahitaji kufaulu vizuri Fizikia, Kemia na Hisabati. Lakini Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha hupokea waliomaliza kidato cha nne kwa masomo ya stashahada, nako huko Hisabati na Fizikia huangaliwa. Mjini kwenu mna stesheni ya reli ya kisasa, ambayo treni za umeme zimekuwa zikiitumia tangu mwaka 2024; mpeleke Jumapili moja, amwulize fundi yeyote wa pale alisomea wapi na alipata nini katika Hisabati.

Binti yako mwache kwanza. Miaka 14 bila lengo si ugonjwa, na macho anayo; atakuwa anakutazama kila Ijumaa. Akija mwenyewe kuomba ukurasa wake katika daftari, mpe.

Amebaki baba yao. Neno lake kwamba mtoto hupangiwa usilibishie kwenye simu, akiwa njiani na lori na wewe uko kwenye masufuria. Akirudi mwisho wa mwezi, mpikie, ale ashibe, kisha kijana alete daftari na amsomee baba yake mwenyewe, kuanzia ukurasa wa kwanza, ule wa deni lako.