Una miaka 56, mwalimu: uandike barua ya kustaafu au usubiri 60?

Marahaba, Mwalimu. Umesema umefundisha miaka 32, ulipanda daraja mwaka jana, kitinda mimba yuko kidato cha tatu, na sauti imeanza kukukauka darasani kabla ya saa nne. Mkeo anataka uandike barua ya kustaafu kwa hiari, kwa kuwa sheria ya Tanzania inaruhusu kuanzia miaka 55, nawe unasita. Mimi niliandika barua hiyo nilipofika umri wako, nikaifungia kabatini, na nikafundisha hadi 60.

Wengi wetu tunaukodolea macho mkupuo, yaani ile fedha inayolipwa kwa mara moja mtu anapostaafu. Mwaka 2022 kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kiliposhusha mkupuo hadi asilimia 33 ya pensheni, vyumba vya walimu havikuwa na mazungumzo mengine, na katika bajeti ya 2024/2025 Serikali ikatangaza kuipandisha hadi 40 kwa sisi ambao zamani tungepata nusu. Sawa, lakini tazama hesabu yenyewe. Idadi ya miezi uliyochangia huzidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka, unaotokana na miaka 3 iliyo bora ndani ya 10 ya mwisho, kisha hugawanywa kwa 580, na hiyo ndiyo pensheni yako ya mwaka. Asilimia 40 yake huzidishwa kwa 12.5 ukapewa kwa mkupuo, na asilimia 60 inayobaki ndiyo utakayoipokea kidogo kidogo kila mwezi.

Tuseme wastani wako ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Ukiondoka leo na miezi 384, mkupuo ni kama milioni 47.7 na pensheni kama 477,000 kwa mwezi. Ukifika 60 na miezi 432, utapata kama milioni 53.6 na 536,000. Tofauti hiyo peke yake si ya kukufanya uumize koo miaka minne. Kilicho kizito ni daraja lako jipya: ukiondoka sasa, katika ile miaka 3 ya wastani ni mwaka mmoja tu utakaokuwa na mshahara mpya, nayo miwili itabaki na ule wa zamani, na upungufu huo utakufuata kila mwezi maisha yako yote.

Jambo la pili lilinikuta mimi mwenyewe. Nilipoomba taarifa ya michango yangu ya pensheni, nikiwa na miaka 57, miezi 14 ya halmashauri niliyohamia zamani haikuonekana kabisa. Kilichoniokoa ni kopo la biskuti ambamo marehemu mama yangu alikuwa ameniwekea hati za mishahara, zimekunjwa na kufungwa kwa uzi, nyingine zikiwa zimeliwa na mende pembeni. Marekebisho yalichukua mwaka na ushee, nami wakati huo mshahara ulikuwa bado unaingia. Mwenzangu aliyegundua pengo la namna hiyo baada ya kukabidhi ofisi alikopa unga dukani miezi kadhaa. Kwa hiyo iombe taarifa hiyo wiki hii, hata kama huna nia ya kuondoka, na uilinganishe na barua yako ya ajira ya kwanza.

Kuhusu biashara ya bajaji uliyoigusia, sitasema mengi: kama hujawahi kuiendesha ukiwa na mshahara, usiianze kwa fedha ya uzeeni.

Ningekuwa wewe, ningekaa miaka miwili zaidi ili mshahara mpya utimize miaka 3 na huyo mtoto amalize kidato cha nne, kisha barua ingeandikwa nikiwa na miaka 58 bila kungoja 60. Lakini hesabu hii yote inasimama juu ya koo lako. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo kabla muhula haujaanza, na akikuandikia kupunguziwa vipindi, mpelekee mkuu wa shule karatasi hiyo, uombe kazi ya maktaba au ya ofisi ya taaluma. Daktari akisema sauti haitahimili, basi mkeo yuko sahihi, na barua iandikwe mwezi huo huo.